Kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo: mashine ya ofisi, prosesa yenye picha ndani, au kujenga na kadi kamili?

Pesa ikiwa ndogo, swali la "ninunue prosesa gani?" huja baadaye. Kwanza unachagua njia, kwa sababu njia ndiyo itakayoamua kadi gani ya picha (kifaa kinachochora gemu kwenye skrini) itaingia, umeme kiasi gani utaliwa, na kama mwakani utaongeza kitu kimoja au utauza vyote na kuanza upya. Nimeona watu wakibishana wiki nzima kuhusu prosesa mbili zinazokaribiana, kisha wanaziweka kwenye kasha lisiloweza kupokea kadi wanayoitaka.

Njia zinazopatikana kweli kwenye maduka ya Kariakoo na ya katikati ya jiji la Nairobi ni tatu. Ya kwanza ni mashine ya ofisi iliyotumika, yaani Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, kisha unaichomekea kadi ndogo ya picha. Ya pili ni kujenga mpya kwa Ryzen 5 5600G, prosesa yenye picha ndani yake (inachora picha za skrini yenyewe), bila kadi. Ya tatu ni kujenga kwa Ryzen 5 5600 au Core i3-12100F pamoja na kadi kamili kama RX 6600, mara nyingi iliyotumika.

Tunapima kwa nini

Cha kwanza ni gemu zenyewe. Anayecheza Valorant, Dota 2 na eFootball ana mahitaji tofauti kabisa na anayeitamani Cyberpunk 2077. Kipimo changu ni skrini ya 1080p (nukta 1920 kwa 1080), ambayo ndiyo iliyo mezani kwa wengi wetu.

Cha pili ni pesa yote mpaka mashine iwake: skrini, kibodi, maus, na kinga ya umeme vimo. Hapa kuna jambo lililobadilika. Tangu miezi ya mwisho ya 2025 bei ya RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, imepanda vibaya, kwa sababu viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili bandia. Ushauri wa zamani wa "RAM utaongeza tu, ni rahisi" umepitwa na wakati, na mashine inayokuja na RAM yake imepata thamani ambayo haikuwa nayo.

Cha tatu ni umeme na joto. Mashine inayokula wati 250 ikichezwa saa 4 inamaliza uniti 1. Kwa mwezi ni uniti 30. Kwa nyumba ya Tanzania iliyo kwenye kundi la bei nafuu la D1, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni asilimia 40 ya kikomo chote, kabla friji na pasi havijahesabiwa. Kenya nako, aliye kwenye kiwango cha chini kabisa cha uniti 30 anakimaliza kwa gemu peke yake. Kama tokeni zinanunuliwa na mzazi, jambo hili litazungumzwa mezani mapema kuliko unavyodhani.

Cha nne ni nafasi ya kukua.

Njia ya kwanza: mashine ya ofisi na kadi ndogo

*Gemu.* Kila kitu kinategemea kizazi cha prosesa. Mashine za Intel za kizazi cha 6 na cha 7, zenye i5-6500 au i5-7500, zina kori (vitengo vya kazi) 4 bila nyuzi (foleni za kazi) za ziada, na gemu za sasa huzibana mpaka picha inakatikakatika hata kadi ikiwa nzuri. Kizazi cha 8 ndipo mambo yalipobadilika: i5-8500 ya 2018 ina kori 6. Ukiipata hiyo na kadi ya GTX 1650, utacheza Valorant, Counter-Strike 2 na GTA V kwa raha kwenye 1080p, na gemu nyingi nzito utazishusha mipangilio zikubali.

Kizazi cha 8 kina faida nyingine ambayo muuzaji huwa haitaji. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa desktopu za Intel za ofisi inaanzia rasmi kizazi cha 8. Ukitaka kucheza Valorant kwenye Windows 11 unahitaji pia TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (kinga ya wakati wa kuwasha) viwe vimewashwa. Kwa hiyo mashine ya kizazi cha 7 hata ikiwa nusu bei, kwa gemu mimi nisingeichukua.

*Pesa.* Hakuna njia inayokufikisha haraka kama hii. Unanunua kasha, prosesa, mazabodi (bodi kuu), RAM, pawa saplai (kisanduku cha umeme) na mara nyingi SSD (diski ya kuhifadhia) kwa bei ya pamoja, na mashine nyingi zinazokuja kupitia Dubai au Uingereza zilikaa ofisini maisha yao yote zikifanya kazi za Excel. Kinachobaki kununua ni kadi tu.

Kadi hiyo ndiyo inayohitaji umakini, kwa hiyo fungua mashine palepale dukani. Mwombe fundi atoe kifuniko, kisha tazama mambo matatu. Kwanza, umbo la kasha: zile nyembamba, SFF, zinapokea kadi fupi pekee, zile zenye bamba la nusu kimo, zile nene, tawa, zinapokea kadi ya kimo cha kawaida, na zile ndogo kabisa zinazoshikwa kwa mkono mmoja kwa kawaida hazina sloti ya kadi, usizisogelee. Pili, soma stika ya pawa saplai. Nyingi zitakuwa kati ya wati 180 na 260, na hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Sloti yenyewe inatoa wati 75 na si zaidi. Tatu, hesabu vipande vya RAM vilivyochomekwa, na uone kama kuna sloti iliyo wazi.

Kwa kikomo hicho cha wati 75 kadi zinazofaa hazizidi vidole vya mkono mmoja. GTX 1650 ina 4GB, na baadhi ya matoleo yake yanataka waya wa pini 6, kwa hiyo angalia juu ya kadi kabla hujalipa. RTX 3050 ya 6GB, iliyotoka 2024, inakula wati 70 na ndiyo yenye nguvu zaidi kati ya hizi, ila bei yake mpya inaweza kulingana na ya mashine nzima. GTX 1050 Ti bado imejaa madukani, lakini ni ya kizazi cha Pascal, na NVIDIA iliacha kukitolea draiva (programu za kuendesha kadi) za gemu mpya mwezi Oktoba 2025. RX 6400 inavutia kwa bei, ila ilitengenezwa na njia 4 tu za PCIe, barabara ya data kati ya kadi na mazabodi. Ukiichomeka kwenye mashine ya kizazi cha 8, yenye PCIe 3.0, inapoteza nguvu ambayo ulishailipia.

*Umeme na joto.* Nzuri. Mashine yote ikiwa na kadi ya wati 75 inacheza kwenye wati 150 hivi. Tatizo ni hewa: kasha la SFF ni finyu, na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa feni yake italia. Isafishe vumbi kila baada ya miezi michache.

*Kukua.* Hapa ndipo inapogota. Nyingi za mashine hizi, hasa za Dell, zina mazabodi zenye kiunganishi cha umeme cha kwao wenyewe, si kile cha pini 24 cha kawaida, kwa hiyo kubadili pawa saplai kunataka adapta na uvumilivu. Prosesa unaweza kuipandisha hadi i7-8700 kisha basi. Hata hivyo si vyote vinapotea: RAM za aina ya DDR4 na SSD utakazozikuta kwenye SFF au tawa ya kizazi cha 8 zinahamia bila shida kwenye mazabodi ya Ryzen yenye soketi ya AM4 siku utakapojenga.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi anayetaka mashine moja ya masomo na gemu za mtandaoni, mwenye banda la gemu anayehitaji mashine tatu zinazofanana, na yeyote ambaye pesa aliyonayo leo haiwezi kungoja.

Njia ya pili: Ryzen 5 5600G bila kadi

*Gemu.* Prosesa hii ya 2021 ina kori 6 na nyuzi 12, na picha zake za Vega zimo ndani ya chipu. Valorant, Dota 2, League of Legends na Rocket League zinacheza vizuri. GTA V inakubali kwa mipangilio ya chini hadi ya kati. Counter-Strike 2 utaishusha, pengine mpaka 720p, ukitaka iteleze. Cyberpunk 2077 itafunguka, lakini kucheza hivyo ni kujitesa.

Haya yote yanategemea jambo moja ambalo mafundi wengi hulipuuza: RAM iwe vipande viwili. Picha za ndani hazina kumbukumbu yake, zinaazima ya mfumo. Kipande kimoja cha DDR4-3200 kinapitisha 25.6GB kwa sekunde. Viwili vinapitisha 51.2GB. Kwenye mashine yenye kadi kamili tofauti hiyo ni ndogo, lakini hapa ndiyo inayotenganisha gemu inayochezeka na isiyochezeka. Vipande viwili vya 8GB, siyo kimoja cha 16GB, hata muuzaji akikuapia kwamba ni kitu kilekile. Na ukumbuke kwamba kutoka kwenye hizo 16GB, picha zitachukua sehemu yake.

*Pesa.* Unalipia kila kitu kipya isipokuwa kadi, na kadi ndiyo sehemu ghali kuliko zote. Kwa bei ya RAM ya sasa, lakini, njia hii imepoteza sehemu ya unafuu wake wa zamani, maana huwezi kubana RAM bila kuumiza picha. Mazabodi ya aina ya A520 au B450 inatosha. Ukichukua B450 iliyokaa sana dukani, hakikisha BIOS yake (programu ya kuiwasha) imesasishwa kwa Ryzen 5000, la sivyo itawaka feni bila picha na utadhani prosesa ni mbovu.

*Umeme na joto.* Hakuna inayoifikia. Mashine nzima inacheza kwenye wati 100 hivi, yaani uniti 12 kwa mwezi kwa saa 4 za kila siku. UPS ndogo ya kawaida inaimudu kwa dakika za kutosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Kwa maeneo ambako umeme hukatika mara kwa mara au mtu anatumia sola, hili peke yake linaweza kumaliza mjadala.

*Kukua.* Mwakani unachomeka kadi, na kompyuta inakuwa ya daraja jingine siku hiyohiyo, mradi uliweka pawa saplai ya kweli tangu mwanzo. Ziko kasoro mbili za kuzijua. 5600G ina nusu ya kumbukumbu ya ndani ya L3 ukilinganisha na 5600, 16MB dhidi ya 32MB, kwa hiyo hata ukiipa kadi kubwa itabaki nyuma kidogo kwenye gemu. Pia inaishia PCIe 3.0. Hizo RX 6400 zenye njia 4 zitaumia hapa vilevile.

Wapo watakaokushauri uruke AM4 na uende Ryzen 5 8600G, ambayo picha zake zina nguvu zaidi kwa mbali. Ni kweli, na AM5, soketi yake mpya zaidi, ni jukwaa lenye maisha marefu mbele. Lakini inataka RAM ya DDR5, na DDR5 ndiyo iliyopigwa na bei kuliko yote. Kwa bajeti ndogo, pesa hiyo inakaribia ile ya njia ya tatu.

*Inamfaa nani.* Anayejenga kwa awamu na ana uhakika awamu ya pili itakuja. Anayefanya kazi za kuhariri video nyepesi na muziki mchana, na gemu za mashindano usiku.

Njia ya tatu: kujenga na kadi kamili

*Gemu.* Hii ndiyo inayokufikisha kwenye gemu mpya bila kuomba radhi. RX 6600, kadi ya 2021 yenye 8GB, inacheza gemu nyingi kwenye 1080p kwa mipangilio ya juu na fremu (picha) 60 au zaidi kwa sekunde. Iambatishe na Ryzen 5 5600, yenye kori 6, au na Core i3-12100F. Hiyo i3 ina kori 4 lakini zina nyuzi 8 na kasi kubwa, kwa hiyo usiifananishe na i5 za kori 4 za zamani. Kwa gemu za mashindano inasimama imara. 5600 inaishinda pale unaporekodi au kurusha mubashara huku unacheza. Zote mbili hazina picha ndani, na kadi ikifa, skrini inabaki nyeusi mpaka upate nyingine.

Kadi za bei ya chini zaidi zipo. RX 580 ya 8GB bado inauzwa sana, na GTX 1660 Super ya 6GB vilevile. Zinacheza mengi. Lakini mlango umeanza kufungwa: gemu kama Indiana Jones and the Great Circle na Doom: The Dark Ages zinadai kadi yenye vifaa vya ray tracing (kuchora mwanga kwa kufuata miale yake), na hizi mbili hazina. RX 6600 inavyo.

*Pesa.* Ndiyo njia ghali, na kadi inakula theluthi mpaka nusu ya bajeti. Kinachoiokoa ni soko la zilizotumika, ambalo lilijaa baada ya sarafu ya kidijitali ya Ethereum kuacha uchimbaji wa kutumia kadi tarehe 15 Septemba 2022. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Iliyofunguliwa na kufungwa tena vibaya ndiyo mbovu. Tazama skrubu za nyuma kama zimechubuka, nusa kama kuna harufu ya kuungua, zungusha feni kwa kidole usikie kama zinakwaruza. Kisha iwashwe palepale: endesha gemu nzito au FurMark (programu ya kuisukuma kadi) kwa dakika 15, ukiangalia joto na vidoadoa vya rangi kwenye skrini. Kwa RX 580 fungua GPU-Z (programu ya kusoma taarifa za kadi) usome idadi ya shaders, vitengo vyake vya kuchora. Ikiwa ni 2304, ni yenyewe. Ikiwa ni 2048, ni lile toleo dhaifu lililotengenezewa soko la China, na bei ishuke. Muuzaji anayekataa jaribio la dakika 15 amekwisha kukujibu.

*Umeme na joto.* Ryzen 5 5600 na RX 6600 zinacheza kwenye wati 220 hadi 250 kwa mashine nzima. RX 580 inaongeza, kwani yenyewe tu inakula wati 185, wakati RX 6600 yenye nguvu zaidi inakula 132. Hapo utaona kwamba kadi ya bei nafuu dukani inalipwa pole pole kwenye tokeni.

Na hapa naomba nisikike vizuri: usibane pawa saplai. AMD inapendekeza wati 450 kwa RX 6600, lakini wati zilizoandikwa kwenye stika na wati zinazotoka ni vitu viwili. Lile boksi jepesi linalokuja bure na kasha, limeandikwa 500W kwa herufi kubwa, halina alama ya 80 Plus (cheti cha ufanisi wa umeme) na waya zake ni nyembamba kama za chaja, liache dukani. Chukua jina linalojulikana lenye 80 Plus, hata kama itabidi SSD ishuke kutoka 1TB hadi 500GB. SSD ya pili utaongeza. Pawa saplai ikipasuka huondoka na wenzake. Nyuma ya zile za bei rahisi huwa kuna swichi nyekundu ya 115 na 230. Kwetu umeme ni wa volti 230 hadi 240, kwa hiyo iwe kwenye 230 kabla hujachomeka plagi. Mtoto akiigeuza, utasikia mlipuko.

*Kukua.* Kubwa kuliko zote. Kwenye AM4 unaweza kupanda kwenda Ryzen 7 5700X, au 5700X3D ukiibahatisha. Kwenye mazabodi ya H610 ya i3 unaweza kupanda kwenda i5-12400F. Kasha, pawa saplai na SSD vinabaki vilevile kadi ikibadilika.

*Inamfaa nani.* Mwenye uvumilivu wa kukusanya pesa kwa miezi, anayejua au ana mtu anayejua kukagua kadi, na anayetaka gemu za hadithi kubwa, siyo za mashindano pekee.

Kwa hali yako

Kama una pesa ya mashine moja tu na unaitaka kabla chuo hakijafunguliwa, nenda mashine ya ofisi ya kizazi cha 8, yenye umbo la tawa ukiipata, RAM 16GB, na GTX 1650 isiyo na waya. Ukipata SFF, pima kimo cha kadi kabla ya kuilipia.

Kama umeme ndio tatizo lako, iwe ni wa kukatika, wa sola au wa mzazi anayehesabu uniti, 5600G ndiyo itakayokaa nawe kwa amani. Weka pesa kwenye RAM mbili na pawa saplai nzuri, usiweke kwenye kasha lenye taa.

Kama unacheza eFootball, Valorant na Dota 2 tu, na huna mpango wa kutoka hapo, njia mbili za kwanza zinatosha kabisa, na njia ya tatu ni pesa utakayoiona kwenye namba za fremu lakini si kwenye mchezo wako. Skrini ya 1080p yenye 144Hz (hubadili picha mara 144 kwa sekunde) itakusaidia zaidi, mradi kadi inafikisha fremu hizo.

Kama shabaha yako ni gemu mpya zinazotoka mwaka huu na ujao, usinunue kadi ya 4GB kwa ajili ya kuanzia. Subiri, kusanya, nenda RX 6600 au kadi nyingine ya 8GB yenye ray tracing. Ukihitaji mashine huku unasubiri, chukua ya ofisi bila kadi yoyote, kisha hamisha RAM na SSD zake utakapojenga.

Na kama unaishi mbali na miji mikubwa, Kigoma, Lodwar, Bukavu, ambako kurudisha kitu kibovu dukani ni nauli na siku mbili, acha kadi iliyotumika ya kununua kwa picha za simu. Nunua mashine nzima ya ofisi kwa mtu anayeweza kukutumia video ikiwa inawaka mbele ya skrini, au vipande vipya vyenye waranti iliyoandikwa kwenye risiti, na umwambie afunge kadi kando, kwenye boksi lake, isisafirishwe ikiwa imechomekwa. Barabara mbovu huivunja sloti kabla mashine haijafika.